Nani Amenyoosha Nguo Zako za Misa?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo siji na swali la Utatu Mtakatifu wala la siku za mwisho. Nina swali dogo tu: kwenu mnapiga pasi mara ngapi?

Niliwauliza vijana wenzangu siku moja baada ya jumuiya, tukiwa tunasubiri chai, nikadhani litaisha kwa dakika moja. Halikuisha. Mmoja alisema ananyoosha nguo moja kila asubuhi, ile anayokwenda kuivaa, basi. Mwingine ananyoosha za wiki nzima Jumapili jioni, mashati matano yanatundikwa kwenye hanga kama askari wa gwaride. Wa tatu hana habari na pasi: suruali anaikunja vizuri, anaiweka chini ya godoro, anailalia, asubuhi mstari upo. (Tulicheka, lakini sisi tuliosoma bweni tunajua hiyo si hadithi.) Wa nne anapeleka kwa dobi. Halafu akatokea aliyesema, "Mimi sijui ni mara ngapi. Huwa nazikuta tu zimenyooshwa."

Nataka tukae na hilo jibu la mwisho. "Nazikuta." Yaani nguo inatoka kwenye kamba ikiwa imejikunja, inafika kabatini imenyooka, na katikati hapo kuna mtu ambaye sentensi imemruka.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na pasi. Wapo wanaoona kunyoosha nguo ni mambo ya kujionesha, kwamba Mungu anaangalia moyo, na mtu mwenye roho hahangaiki na kola. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Pasi ina sababu zake, na nyingine ni za maana sana.

Chukua ile ambayo bibi zetu walitufundisha bila kutupa maelezo marefu: nguo zilizoanikwa nje zinyooshwe kabla ya kuvaliwa, hasa za mtoto mchanga. Huku kwetu Afrika kuna nzi ambaye wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga wenye uchafu na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na anapenda zaidi kivulini kuliko kwenye jua kali. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache. Funza wake ni mdogo mno, anapogusa ngozi anapenya na mtu hasikii kitu. Baada ya siku kadhaa unaona kitu kama jipu, kinawasha, kinauma, na katikati kina kitundu ambacho funza anapumulia. Moto wa pasi unaua mayai yale na funza wake. Kwa hiyo mama anayenyoosha nepi moja moja, mbele na nyuma, hadi kwenye pindo, hafanyi urembo. Analinda mwili wa mtoto.

Lakini sasa tazama jambo la ajabu. Nzi huyu anahusika na nguo inayogusa ngozi: nguo ya ndani, shuka, taulo, nepi. Sisi tunanyoosha nini? Shati, suruali, gauni la Jumapili. Tunanyoosha kinachoonekana. Nguo ya ndani iliyoshinda kivulini nyuma ya nyumba tunaivaa hivyo hivyo. Ingekuwa pasi zetu ni za afya tu, kabati zetu zingekuwa kinyume kabisa: mashati yamejikunja na nguo za ndani zimenyooka kama karatasi. Kumbe sehemu kubwa ya kupiga pasi ni kwa ajili ya macho ya watu.

Na hilo nalo si dhambi. Mtu anaponyooka akaenda msibani, harusini au Misani, anawaambia wenzake kwamba amejiandaa kwa ajili yao. Hata Kanisa lina vitambaa vyake vinavyopigwa pasi kwa uangalifu mkubwa. Wale mliowahi kuwasaidia masista sakristia mnajua korporale, kile kitambaa cheupe kinachotandazwa altareni chini ya kikombe na patena. Inakunjwa mara tatu huku na mara tatu kule, ikifunguliwa inakuwa na vyumba tisa, na inakunjwa kuelekea ndani ili chembe yoyote ya Ekaristi isidondoke. Maji ya kwanza ya kuifulia hayamwagwi ovyo kwenye mtaro. Yanamwagwa kwenye shimo lake maalumu au ardhini mahali panapofaa. Hapo kila mkunjo una sababu na kila tone la maji lina heshima yake.

Sasa swali la maadili liko wapi? Mimi naona halipo kwenye "mara ngapi". Lipo kwenye saa ngapi, na mkono wa nani.

Tupige hesabu kidogo. Nyumba ya watu sita, tuseme kila mtu ana nguo nne za kunyooshwa kwa wiki, pamoja na sare za shule. Hizo ni nguo 24. Mimi shati la mikono mirefu linanichukua dakika saba hivi nikilifanya vizuri: kola, mabega, mikono, kisha mgongo. Ukizidisha, unapata dakika 168, karibu saa tatu za kusimama umeinama mbele ya joto. Kama ni pasi ya mkaa ongeza kuwasha moto, kupepea, kupangusa majivu na kuisugua kwenye jani la mgomba ili iteleze, tena usiitumie chumba kimefungwa maana moshi wake unaua. Kama ni ya umeme, pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja, na baba atalalamika uniti za LUKU zimeisha. Umeme una mita yake. Zile saa tatu za kusimama hazina mita, na ndiyo maana ni rahisi mtu kusema "nazikuta".

Kazi ya pasi ina tabia hiyo. Sifa yake inamwendea aliyevaa. Ukipita mtaani umenyooka, watu wanasema, "Kijana yule msafi." Hakuna anayesema, "Kijana yule ana dada." Na shati likiwa na mkunjo ndipo aliyelinyoosha anakumbukwa, tena kwa kuitwa kwa ukali kutoka jikoni.

Namfahamu binti mmoja anayefanya kazi za ndani katika nyumba fulani mtaani kwetu. Tulikuwa tunakutana bombani. Jumamosi ndiyo siku yake ngumu: afue, apike, aogeshe watoto, na usiku anyooshe nguo za familia nzima za Misa. Umeme ukikatika anasubiri. Kuna Jumamosi moja ulirudi saa tano usiku, akaanza hapo. Asubuhi watu wa nyumba ile wakatoka kwenda Misa wamependeza kwelikweli, na yeye akabaki na sufuria ya nyama. Nilimuuliza anasali parokia gani. Akanijibu, bila uchungu wowote, "Mimi huwa nasali na redio."

Sikuwa na la kusema. Redio inayorusha Misa ni neema kwa mgonjwa na kwa mzee asiyeweza kutembea. Lakini binti wa miaka kumi na tisa mwenye miguu miwili mizima, ambaye kanisa liko dakika kumi kutoka getini! Nguo zilizonyooshwa kwa ajili ya Misa ndizo zilizomnyima Misa.

Rudi kwenye Amri ya tatu ya Mungu, ile tunayoimba tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Wengi tunaisikia kama amri ya kwenda kanisani. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5 uone ilivyoandikwa kwa kirefu. Inamtaja mwenye nyumba, watoto wake, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, hata mgeni aliyemo mjini. Na inatoa sababu: mtumishi apumzike kama bwana wake, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Amri hii inazungumza kwanza na mtu mwenye uwezo wa kumfanyisha kazi mwingine. Mimi kulala mchana wa Jumapili si kuishika, kama pumziko langu limejengwa juu ya mgongo wa mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inakwenda moja kwa moja hapo: inatutaka tuepuke kuwadai wengine, pasipo lazima, mambo yatakayowazuia kuitunza siku ya Bwana.

"Pasipo lazima." Hapo ndipo penye mjadala. Je, mstari wa suruali ni lazima?

Kuna watakaosema, lakini dada analipwa. Sawa. Mshahara unanunua kazi, haununui mtu mzima mzima. Hata serikali inajua hivyo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Jaribu kuhesabu saa za dada wa nyumbani kwenu kuanzia Jumatatu alfajiri. Mimi nadhani wengi tutafika 45 kabla ya Alhamisi kuisha.

Na tusimsingizie dada wa kazi peke yake. Kuna nyumba hazina dada wa kazi, zina dada wa damu. Kijana wa kiume ana miaka 24, ni mwanakwaya, anatumikia altareni, anaongoza sala vizuri mno, na shati lake linanyooshwa na mdogo wake wa kidato cha pili ambaye Jumatatu ana mtihani. Eti pasi ni kazi ya kike! Huyo huyo akienda JKT atanyoosha kombati yake mwenyewe na hatakufa. Seminari ndogo wavulana wa miaka kumi na minne wananyoosha mashati yao. Mikono wanayo, ila wakirudi likizo inapooza.

Wengine watauliza, basi twende Misani tumejikunja? Swali zuri, na ninalijibu kwa swali: tukienda tumejikunja, nani atatukataa? Mtume Yakobo katika sura ya 2 ya barua yake anawagombeza Wakristo waliomkaribisha mbele mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa, huku maskini mwenye nguo chafu akiambiwa asimame kule. Hiyo ni barua ya karne ya kwanza, na sisi bado tunapimana kwenye mabenchi. Nimesikia zaidi ya mara moja kijana akisema, "Leo siendi, sina nguo." Nguo anayo. Ambacho hana ni nguo iliyonyooka, kwa kuwa kwao hakuna umeme, na mkaa uliopo ni wa kupikia maharage. Tukimwangalia kwa jicho lile, tumeigeuza pasi kuwa tiketi ya mlangoni.

Ila nisieleweke vibaya. Hata kujikunja kunaweza kuwa maringo. Yupo atakayevaa shati lililokunjamana makusudi ili tuuone unyenyekevu wake, na huyo naye anatafuta macho ya watu kama yule mwenye mstari mkali kama wembe.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alipolisikia jambo hili hakutoa hotuba. Akapanga upya nyumba yake. Kila aliyefika darasa la tano ananyoosha za kwake, mvulana na msichana. Nepi na mashuka ya mtoto mdogo zinakuwa za kwanza, kabla ya shati la baba. Fulana, sweta na nguo za kushindia hazipigwi pasi kabisa: zinakung'utwa vizuri zikiwa mbichi, zinaanikwa juani, zinakunjwa zikiwa bado na joto. Pasi inazimwa Jumamosi jua likizama, na kilichobaki kinavaliwa kilivyo. Baba alinuna wiki mbili za mwanzo, kisha akajifunza kuanza na kola.

Dada wao wa kazi ni Mlutheri, kwa hiyo Jumapili anatoka mapema kwenda ibadani kwake, na mchicha unachambuliwa na wenye nyumba wakirudi. Niliwahi kuwaona kitindamimba na baba yake kwenye benchi la mbele yangu, Misa ya pili. Kola ya mtoto ilikuwa imesimama upande mmoja kama sikio la mbuzi. Wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono, akanionesha shati lake na kuninong'oneza kwamba amelinyoosha mwenyewe.