Komenti na Namba Yake

Mwanangu, shiti za mwani nakuachia wewe sasa. Fomula unazijua kuliko mimi, na kujumlisha safu nzima kwako ni kufumba na kufumbua. Huko sina la kukufundisha. Ninalotaka tuzungumze ni jambo dogo: zile komenti za kwenye seli, na mahali zinapokaa.

Wewe unaziandika upesi, kisha unaziacha zilipoangukia. Jana nimefungua shiti ya kijiji cha Tumbe nikazionyesha zote kwa pamoja. Visanduku vimelaliana. Kimoja kimefunika jina la mtu, kingine kimefunika kilo. Kuna kimoja kimekwenda chini kabisa, na mstari wake umepita juu ya namba za watu wengine kuifuata seli yake huko juu. Ukiweka kishale juu ya seli moja moja huyaoni haya, kwa sababu kisanduku hutokea kidogo kikaondoka. Ndiyo maana hukujua.

Hebu fikiri kilichomo ndani ya namba moja. Mama anasubiri bamvu, maji yakupwe sana. Anainama majini anafunga mbegu kwenye kamba, kichane kwa kichane. Anangoja kama wiki sita. Anavuna, anabeba, anaanika, na mawingu yakitanda anakimbia kuufunika, maana mwani uliokaukia juani ukanyeshewa hupauka na kuharibika. Kazi hii kina mama wa Zanzibar wameibeba kwa biashara tangu 1989. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, imekuwa ikifa maji yakipata joto, na wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Kisha mwani unafika mizanini, mnunuzi anaukung'uta, anasema una mchanga. Kilo 44 zinaandikwa 41.

Ile 41 peke yake haisemi kitu. Komenti ndiyo inayosema: zimetolewa 3 za mchanga, mwenyewe alikuwepo, alikubali. Komenti hiyo ikihama ikaonekana kama ya seli ya chini, mchanga umekuwa wa jirani.

Mimi lilinifika, nikiwa nimeanza tu kompyuta. Nilichapa shiti na komenti zote zikiwa wazi. Kisanduku kimoja kikalala juu ya kilo za mstari uliofuata. Aliyekuwa akilipa alinakili kutoka kwenye karatasi ile, mstari ule akauruka. Mama mwenye mwani alikaa kitako mpaka alasiri, akaondoka mikono mitupu. Kesho yake alilipwa, na hakunisema vibaya. Lakini nauli ya gari aliikopa, na mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Wazee wetu jambo hili la kuweka maelezo mahali pake walilijua kwenye karatasi. Darsani tulisoma fiqhi ya Shafii kwa matini ya Abu Shujaa. Ibn Qasim akaifafanua, Bajuri wa Misri naye akaandika hashiya, yaani maelezo zaidi, juu ya Ibn Qasim. Watu watatu katika ukurasa mmoja, na hakuna anayemfunika mwenzake. Mwalimu alitushika kidole akakipeleka pembeni, kisha akakirudisha kwenye neno linalofafanuliwa. Kama maelezo yangekaa ovyo, kidole kingekwenda wapi?

Sasa nipe subira yako, uifanye kazi hii nikikutazama. Bofya seli yenye pembe nyekundu, kisha Shift na F2, kisanduku kifunguke. Usibofye ndani ya maandishi. Ukibofya ndani, ukenda kwenye mpangilio utaletewa mambo ya herufi tu, utadhani mengine hayapo. Mimi hapo nilikwama muda mrefu. Bofya ukingo wa kisanduku, halafu kitufe cha kulia cha kipanya, uende kwenye mpangilio, ndipo utakuta sehemu ya sifa na hiari tatu. Ya kwanza, kisanduku kisogee na kubadilika ukubwa pamoja na seli. Ya pili, kisogee bila kubadilika ukubwa. Ya tatu, kisifanye lolote.

Chagua ya pili. Ya kwanza inavutia, lakini siku utakapochuja shiti ubakishe kotonii peke yake, mistari mingine ikijificha, visanduku vyake vitabanwa mpaka viwe kama uzi. Ya tatu ndiyo inayoviacha nyuma ukiingiza mistari mipya juu. Kisha kivute kwa ukingo mpaka mahali patupu. Mimi huacha safu moja pana upande wa kulia, haina namba, ni ya komenti tu. Anayeiona tupu huniambia niifute. Usiifute.

Hizi komenti mpya za kujibizana, zenye alama ya zambarau, ni nzuri mkiwa wawili mnaulizana. Ila huwezi kuzivuta ukazipanga utakavyo, kwa hiyo za mizani ziandike kwa ile njia ya zamani, ambayo siku hizi Excel inaiita dokezo.

Na wakati wa kuchapa, mwanangu, kina mama hawafungui kompyuta. Wao huona karatasi iliyobandikwa bandani. Kwenye mpangilio wa ukurasa, upande wa shiti, chagua komenti zichapwe mwishoni. Zitatoka kwenye ukurasa wake, kila moja na anwani ya seli yake. Ndani ya kila komenti andika na jina la mwenye mwani, kwa sababu D17 kwake si kitu. Bandika kurasa zote mbili pamoja, kisha usiondoke. Simama hapo uwasomee wasioona vizuri, namba kwanza, komenti yake baadaye, na umngoje kila mmoja aseme ndiyo kabla hujaenda kwa mwingine.