Marko sura ya 7 na ndoo ya mlangoni

Katika Marko sura ya 7 Yesu anawatetea mbele ya Mafarisayo wanafunzi wake waliokula bila kunawa: kinachomtia mtu unajisi ni kile kitokacho moyoni. Basi mhubiri wa Mpanda, mkoani Katavi, anayeweka ndoo na sabuni mlangoni mwa kanisa, je, amewarudia Mafarisayo? Sidhani. Ubishi ule ulihusu unajisi, haukuhusu kuhara. Tena katika sura hiyohiyo Yesu anawakemea wanaofanya sadaka kisingizio cha kutowatunza wazazi wao: ibada haifuti wajibu kwa wengine, na kunawa ni wajibu wa namna hiyo. Mkono unaomega ugali kwenye sinia moja ni wa wote walioketi. Vimelea vya kipindupindu hutoka chooni, hupanda na vidole, huingia kinywani mwa asiye na kosa. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wanaojifungua, na vifo vikapungua sana. (Wengi walimchukia, nani apende kuambiwa mkono wake umeua?)

Pingamizi zito ni la maji. Anayeteka mbali kiangazi cha Katavi halaumiwi sawa na mwenye bomba uani. Uislamu unalijua hilo: maji yakikosekana, mtu hutayamamu kwa udongo. Lakini tayamamu hutimiza sharti la sala, haiondoi vimelea. Kwa hiyo wajibu haufutiki, unagawanyika: mwenye nyumba atundike kibuyu chirizi kando ya choo, kidumu kilichotobolewa, sabuni ikining'inia kwa kamba; nazo halmashauri, kanisa na msikiti vidaiwe kisima.