Kudaiwa kwa Kilicho Chako

Kulipa deni ni wema, na kukataa kulipa deni ni ubaya. Hili halina mabishano katika dini wala katika desturi ya watu wastaarabu. Lakini kabla ya kulipwa, deni sharti kwanza liwe deni. Mtu akidaiwa asichokopa, akalipa kwa kuchelea kelele za mdai, je, ametenda wema au ametenda ubaya? Wengi watajibu kuwa ametenda busara. Nataka kulichungua neno hili busara, maana jambo moja dogo, la nafasi ya kuwekea motokaa, lilinionyesha kuwa mara nyingine woga huazima joho la busara ukapita mbele ya watu ukaheshimiwa.

Kwa miaka michache nilikuwa mpangaji katika jumba la fleti katika mji mmoja wa Uingereza, nilikokwenda kwa kazi ya kufundisha. Mkataba wangu ulikuwa na maneno mafupi: nilipangishwa fleti pamoja na nafasi nambari 17 katika uwanja wa magari ulio nyuma ya jumba. Kodi niliyolipa kila mwezi ilikuwa kodi ya vyote viwili. Mwaka mmoja baada ya mimi kuhamia, wakala wa mwenye nyumba aliiweka kampuni ya kusimamia uwanja ule. Sababu aliyoitoa ilikuwa njema: wasafiri wa gari la moshi walikuwa wakiacha motokaa zao katika nafasi za wapangaji, wakaenda zao mjini kutwa nzima. Vibao vilitundikwa ukutani, na kila mpangaji akapewa karatasi ya kibali ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele. Vibao vilisema kuwa gari lisiloonyesha kibali lingetozwa pauni 100, na kwamba atakayelipa katika siku 14 angepunguziwa mpaka pauni 60.

Usiku mmoja wa baridi karatasi yangu ilibanduka kiooni ikaangukia kitini. Asubuhi nilikuta bahasha imebandikwa juu ya kioo. Nilikuwa nimedaiwa kwa kukaa pangu. Jirani yangu, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa muuguzi wa zamu za usiku, alinitazama kwa huruma akasema, “Maalim, heri nusu shari kuliko shari kamili. Wape pauni zao sitini, ulale.” Yeye mwenyewe alikwisha kulipa mara tatu. Nikalipa, nikalala.

Miezi minne baadaye motokaa yangu ilikuwa kwa fundi, nami nikatumia gari la kuazima. Niliweka gari lile katika nafasi nambari 17, nikaandika barua kwa mkono nikaiweka kiooni, kueleza kuwa mimi ndimi mpangaji wa nafasi hiyo. Nilidaiwa tena. Safari hii nilipeleka malalamiko pamoja na nakala ya mkataba. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilisema kuwa malalamiko yamekataliwa, na likaongeza kuwa mara ya kwanza nililipa bila ya kupinga, kwa hiyo nilikwisha kuyakubali masharti ya vibao. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Malipo niliyoyatoa kwa ajili ya amani yalikuwa yamerudi kusimama shahidi juu yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kulitafakari jambo lenyewe, na lazima nieleze kidogo sheria ya nchi ile, ili msomaji aone mzizi wa neno. Zamani wenye viwanja walikuwa wakifunga gurudumu la gari kwa chuma, wasilifungue mpaka walipwe. Mahakama ya Uskoti iliamua mwaka 1992 kuwa kitendo hicho ni unyang’anyi na wizi. Uingereza na Wales zilikawia miaka 20: chuma kilikatazwa katika viwanja vya watu binafsi kwa sheria ya mwaka 2012. Lakini sheria hiyo hiyo iliyoondoa chuma ilileta karatasi. Iliziruhusu kampuni, zikifuata masharti fulani, kumdai mtu aliyeandikishwa kuwa mwangalizi wa gari, hata kama haijulikani nani aliyeliendesha. Jina na anwani yake kampuni hupata kutoka kwa idara ya serikali inayoandikisha magari, kwa ada ambayo kwa miaka mingi imekuwa pauni 2.50. Chuma kilishika gurudumu. Karatasi hushika moyo. Na moyo ni mwepesi wa kufungwa kuliko gurudumu.

Kampuni huegemea sana hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015. Mtu mmoja aliweka gari lake katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, mahali pa bure kwa muda wa saa mbili. Alizidisha karibu saa nzima, akatozwa pauni 85. Majaji wengi waliona kuwa fedha hizo, ingawa ni nyingi kuliko hasara yoyote iliyoonekana, zilikuwa halali. Kwani mwenye uwanja alikuwa na haja ya haki ya kuona wateja wakipishana, na vibao vilikuwa vikubwa na wazi. Mimi siikashifu hukumu hiyo. Yule bwana alikuwa mgeni. Alikaribishwa mahali pa mtu kwa masharti, akayavuka masharti. Mgeni akiambiwa, “Keti hapa mpaka alasiri,” hana haki ya kuketi mpaka magharibi.

Lakini mimi sikuwa mgeni katika nafasi nambari 17. Kibao husema nini? Husema, “Nakupa ruhusa ya kukaa hapa, nawe unipe utii au fedha.” Hayo ni maneno ya biashara, na biashara hutaka kila upande utoe kitu. Kampuni ilinipa nini mimi? Ruhusa ya kukaa mahali ambapo mkataba wangu ulikwisha kunipa mwaka mmoja kabla haijafika. Mtu hawezi kuuziwa ruhusa ya kuingia chumbani mwake. Wala mkataba wa watu wawili hauwezi kugeuzwa na mtu wa tatu kwa kupigilia ubao ukutani. Mwaka 2016 jaji mmoja mjini Oxford alitoa hukumu iliyo jirani na jambo hili. Mkazi wa jumba la fleti alisimamisha gari lake karibu na mlango kwa dakika chache apate kuingiza meza, akadaiwa pauni 80. Jaji alisema kuwa kusimama ili kushusha vitu si kuegesha. Na kwamba haki ya kupita mlangoni aliyopewa mkazi katika mkataba wake haikuweza kuondolewa na kibao kilichokuja baadaye. Hukumu ile ilitetea jambo ambalo mjinga na mwerevu wanalijua sawasawa: nyumba ambayo mtu hawezi kuifikia bila ya kutozwa haijakamilika kuwa nyumba yake.

Hiyo ni sheria. Maadili yanauliza zaidi. Naweza kuambiwa, kwanza, kuwa pauni 60 si kitu mbele ya usingizi wa mtu mzima. Ni kweli kwamba usingizi una thamani. Lakini anayelipa asichodaiwa hanunui usingizi, hukodi tu. Na kodi yake hupanda. Mimi nililipa mara moja nikadhani nimefunga mlango, kumbe nimeonyesha ulipo. Ubaya wa malipo yale haukuwa katika pauni 60. Ulikuwa katika maana yake. Haki inayotakiwa kuonyeshwa cheti kila usiku, na kuadhibiwa cheti kikianguka, imekwisha kuacha kuwa haki, imekuwa hisani. Tofauti yake ni kuwa haki hukaa na mwenyewe hata amelala, na hisani huondoka mtoaji anapokasirika. Mtu hanyang’anywi haki yake siku moja. Hufundishwa polepole kushukuru kwa kupewa iliyo yake, na siku anapoacha kustaajabu, kazi imekwisha.

Naweza kuambiwa, pili, kuwa utaratibu ule uliletwa kutulinda sisi wenyewe na wavamizi. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Nilipata kurudi usiku nikakuta gari la mgeni katika nafasi yangu, nikazunguka mitaa nusu saa. Mlinzi alitakiwa. Lakini mlinzi aliyeajiriwa kumzuia mwizi, kisha akamtoza mwenye nyumba kwa kukosa kuonyesha ufunguo, amesahau alichoajiriwa. Naye ana sababu ya kusahau: wageni walipoogopa wakaacha kuja, kampuni isiyolipwa na wakala ila kwa faini ilibaki haina wa kumtoza isipokuwa sisi. Ulinzi unaoishi kwa makosa hauwezi kutamani makosa yaishe.

Naweza kuambiwa, tatu, na hili ndilo lililonichoma, kuwa mabishano yangu yalikuwa kiburi. Mtu aliyesoma hukasirika upesi anapoandikiwa barua na asiyemjua. Nilijipima. Niliona kuwa kiburi na haki hufanana sura, lakini hutofautiana kwa mambo mawili: kiburi hutaka mwenzake aaibike, na haki hutaka jambo linyooke, kiburi hutosheka kinapoponea chake, na haki haitosheki mpaka imwone na jirani. Kwa kipimo cha kwanza nilipita kwa shida. Kwa kipimo cha pili, kama nitakavyoeleza, nilianguka.

Barua ziliendelea kwa miezi. Nyingine zilitoka kwa wakusanyaji wa madeni walioongeza pauni 70 juu ya zile 100. Zilikuwa na wino mwekundu na maneno ya kutisha. Mwisho ilikuja fomu ya madai ya mahakama. Nilijibu katika muda uliowekwa, nikaeleza ukweli wote, pamoja na yale malipo ya kwanza, nikaambatanisha mkataba. Siku chache kabla ya kusikilizwa, kampuni iliondoa madai yake. Haikutoa sababu wala haikuomba radhi. Nilifurahi kwa furaha ndogo ya mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta hapakuwa na kitasa.

Kwa furaha hiyo nilimwendea jirani yangu. Nilimwambia, “Mama, walete mkataba wako tuwaandikie, fedha zako zirudi.” Aliuleta katika mfuko wa plastiki, umekunjwa vizuri. Nikausoma, na furaha yangu ikakoma. Yeye alipanga baada yangu, na wakala alikwisha kubadili maneno. Wake ulisema kuwa nafasi ya gari ingetumiwa kwa kufuata kanuni zozote ambazo mwenye nyumba angeziweka mara kwa mara. Sentensi moja ilimfunga kwa kile nilichofunguliwa mimi. Alinitazama, akaniuliza, “Basi mimi na wewe, Maalim, nani alikuwa na haki?”

Sikuwa na jibu la haraka, na jibu nililonalo sasa si la kujisifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli: daftari langu ndilo lililoniokoa. Lakini wahenga hawakusema kuwa daftari ndilo mali. Tulilipa kodi sawa, tulikaa pembeni mwa uwanja mmoja, na magari yetu hayakumzuia mtu yeyote. Akili inakataa kuwa kwake lilikuwa deni na kwangu dhuluma, kwa sababu tu mpiga chapa alibadilisha kifungu kati ya mwezi wangu na mwezi wake. Sheria iliweza kupima karatasi zetu. Haikuweza kupima kuwa mmoja wetu alipewa karatasi ya kusoma, na mwingine karatasi ya kutia sahihi. Naye alitia sahihi asubuhi, ametoka zamu, na watu wengine watatu wakiingoja fleti ile ile.

Tuliitana wapangaji tisa, tukamwandikia wakala kwa pamoja. Hatukudai faini tu. Tuliomba nambari za magari yetu ziandikwe katika orodha, ili mpangaji asihitaji karatasi kukaa pake. Wakala alikubali orodha. Fedha zilizokwisha kulipwa hakuzirudisha. Mama yule alikuwa ametoa pauni 180, na pauni hizo hazikurudi.

Kwa hiyo nasema kuwa si wajibu wa mtu kulipa asichodaiwa, na tena ni wajibu wake kukataa. Maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo mara nyingi hujengwa kwa fedha za jirani. Lakini akatae kwa ukweli, bila ya kuficha lisilomfaa. Asome mkataba wake kabla hajagombana, na kama amejaliwa kusoma, asome na wa jirani yake kabla hajautia sahihi, si baada. Mimi niliusoma baada. Niliishi ukuta mmoja naye miezi 14, nikiyajua maneno na yeye akizijua zamu, wala sikupata kumwuliza alitia sahihi juu ya nini. Kampuni ile nilidhani imenidhulumu pauni 60. Naona sasa kuwa katika uwanja ule kulikuwa na deni moja la kweli, nalo lilikuwa langu.