Mgeni, Mteja na Shimo la Mwenye Nyumba

Mtu akianguka katika nyumba isiyo yake akavunjika mguu, ni nani apaswaye kuubeba uzito wa mguu ule? Jibu la haraka ni kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Jibu hilo lina haki yake mchana, mbele ya jiwe lionekanalo. Halina nguvu mbele ya kidato kilichooza chini ya zulia, wala mbele ya sakafu yenye mafuta katika ukumbi usio na taa. Kwa maana hapo mwenye nyumba ana elimu ya mahali ambayo aingiaye hana.

Sheria ya Uingereza, iliyozaa sheria za nchi nyingi juu ya jambo hili, ilipita njia ya ajabu. Mwaka 1856 lilisikilizwa shauri la mtu aliyealikwa na mwenye hoteli kama mgeni wake. Alipokuwa akifungua mlango wa kioo ili atoke, kioo kilimwangukia kikamjeruhi. Alishindwa, kwa hoja kwamba mgeni ni kama mmoja wa jamaa wa nyumba, naye huipokea nyumba kama alivyoikuta. Miaka 10 baadaye, mwaka 1866, liliamuliwa shauri la fundi wa gesi aliyekwenda kukijaribu chombo katika kiwanda cha sukari, akatumbukia katika shimo la kupandishia mizigo lisilo na ukingo. Yeye alishinda. Jaji Willes alieleza kwamba ajaye kwa shughuli imhusuyo mwenye mahali astahili kukingwa na hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye mahali aijua, au ilimpasa kuijua.

Basi watu wakagawanywa mlangoni mafungu matatu: mwenye shughuli, aliyeruhusiwa tu, na aliyeingia bila ruhusa. Rafiki aliyealikwa chakula akawekwa chini ya mteja aliyekuja kununua sabuni. Mswahili asemaye, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” hawezi kuusikia mpango huu bila kushangaa.

Hata hivyo mpango huo haukukosa hoja. Mkarimu hatoi chakula kwa malipo. Kumtoza fidia kwa ubovu wa nyumba ambayo yeye mwenyewe aikalia ni kuutia ukarimu kodi, na huenda maskini akaifunga milango yake. Hoja hii ni ya kweli kwa upande wa matengenezo: si haki kumdai bibi kizee ngazi mpya kwa sababu amekaribisha watu chai. Lakini kutengeneza ni jambo moja na kuonya ni jambo jingine. Ngazi yataka fundi na mbao. Kusema, “Ruka kidato cha tatu,” hakutaki hata senti. Anyamazaye hali ajua hawezi kujificha nyuma ya umaskini wake. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya California ilikuwa na shauri la namna hii: mpangaji alijua kwamba mshiko wa bomba la maji umevunjika, alikuwa amekwisha kumwarifu mwenye nyumba, asimwonye mgeni wake, na mgeni akajeruhiwa mkono. Mahakama ilikataa kuyafanya mafungu yale ya kale kuwa kipimo cha wajibu.

Uingereza ilikuwa imekwisha kuyaunganisha mafungu mawili ya kwanza kwa sheria ya mwaka 1957, na Kenya ikaifuata katika sheria yake. Kila aliyeingia kwa ruhusa alistahili uangalifu wa namna moja. Sheria hiyo ilisema pia kwamba onyo peke yake halimwokoi mwenye mahali, ila liwe limetosha kumfanya aingiaye awe salama. Kibao cha “Ingia kwa hatari yako” kilichotundikwa juu ya daraja bovu, nalo ndilo njia pekee ya kuingilia, hakimwonyi mtu, chamtisha tu.

Fungu la tatu ndilo gumu. Mwaka 1965 mtoto wa miaka 6 alipita katika ua uliovunjika wa reli ya umeme akaungua vibaya. Hakuwa na ruhusa, wala hakuwa na umri wa kuelewa maana ya ruhusa. Wakuu wa reli walikuwa wamearifiwa kwamba watoto walionekana njiani. Mwaka 1972 Baraza la Malodi lilimpa haki kwa jina la utu. Sheria ya mwaka 1984 ikamhusu kila aingiaye bila ruhusa, isimtenge mtoto na mwizi kwa majina yao. Yauliza kama mwenye mahali aliijua hatari, au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba ipo. Kama alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu angeikaribia. Na kama hatari ile ni ya namna ambayo ni haki kumtazamia amkinge nayo mtu yule. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa na mashahidi. La tatu kila jaji hulijibu upya, akiutazama ua uliovunjika na mtu aliyepita hapo.