Nani Athibitishe Kwamba Itapita?

Kila bei ikipanda tunaambiwa itapita, na mara nyingi anayesema si yeye anayelipa. Sasa, nani ana jukumu la kuthibitisha?

Wachumi wanaopima matumizi ya nishati wana jibu, ingawa hawaliiti suala la maadili. Wakitaka kujua kama pigo, tuseme vita au ushuru, litafifia au litabaki, wengi huanza na kipimo cha Dickey na Fuller cha mwaka 1979. Kipimo hicho huanza kwa kudhani pigo halifutiki: matumizi yakisukumwa, yanaendelea na safari kutoka pale yalipoangukia. Data ndiyo inafaa kukibadilisha mawazo. Ikishindwa, haimaanishi pigo ni la milele, ila ushahidi wa kurudi haujatosha.

Mwaka 2007 Paresh Narayan na Russell Smyth walichapisha utafiti wa nchi 182, kwa data ya 1979 hadi 2000. Nchi moja moja, ni 56 tu zilizoonyesha kwamba matumizi hurudi yalikokuwa. Wakaziweka zote kwenye hesabu moja, na jibu likageuka: mapigo hupita. Hakuna ujanja hapo. Miaka 22 ni michache kwa nchi moja, na ukiunganisha unaona vizuri zaidi. Lakini unaona kundi. Nani ndani ya kundi hakurudi, hesabu hiyo haikuambii.

Hapa kwetu, gesi ya kupikia ilirudishiwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 Julai 2021. Mwaka uliofuata ukashushwa hadi asilimia 8, na 2023 ukaondolewa. Kwenye grafu huo ni mlima mdogo, unapanda na kushuka. Nyumbani kwetu, mtungi uliuzwa pamoja na meko, maana mtungi mtupu haupikii mtu chai. Ushuru ulipoondoka ilibidi kununua mtungi mwingine kwanza, na pesa ya mtungi si pesa ya kujaza gesi. Mamangu bado ananunua makaa kwa mkebe.

Karo yangu ilikwenda hivyo hivyo. Ilikosekana muhula mmoja. Pesa zilipopatikana, mdogo wangu alikuwa amefika zamu yake, na sikuona haja ya kubishana. Ukichora mapato ya familia yetu, utasema tulirudi pale pale. (Takwimu ndilo somo pekee ambalo bado nalisoma. Mnaweza kucheka.)

Mtu atasema, kwa haki, kwamba serikali haiwezi kungoja uthibitisho kila ikitafuta pesa. Sawa. Lakini serikali hiyo hiyo ikishusha bei ya gesi ili watu waache makaa, inatarajia tabia mpya ibaki hata bei ikibadilika. Yaani afueni idumu na maumivu yapite. Inawezekana, ila hayo ni madai mawili, na kila moja linadai ushahidi wake.

Mimi ningeanza pale kipimo kinapoanzia. Anayeleta pigo ndiye aonyeshe litakwisha, na aonyeshe kwa nyumba zinazopikia gesi ya kilo 6, si kwa wastani wa taifa. Mswada wa Fedha ukijadiliwa tena, swali langu kwa kamati ni dogo: mkiondoa ushuru baada ya miaka miwili, waliouza mitungi mtawahesabu wapi?