Umekunywa, Hujaonja



Muhula uliopita alitutembelea padre mmoja aliyefanya utume Taiwan. Jioni alinikaribisha kuonja chai ya huko inayoitwa ulongi ya milima mirefu. Si unajua chai yetu: majani meusi yaliyosagwa, maziwa, sukari, basi. Hii ilikuwa majani mazima, yamevingirishwa yakawa kama punje.

Padre aliweka gramu 6 kwenye birika dogo la mililita 120. Akamimina maji yaliyokaribia kuchemka, akayamwaga upesi ili kuyasuuza majani, kisha akamimina mengine na kusubiri kama dakika moja. Huku tunasubiri akanieleza kwamba chai hii hulimwa juu ya mita 1,000, sehemu kama Alishan, na kule Lishan mashamba mengine yanapita mita 2,000. Baridi na ukungu huchelewesha majani kukua, hivyo uchungu hupungua. Tena hayaachwi yawe meusi kabisa kama yetu. Yanasimamishwa kwa moto yakiwa bado njiani.

Kikombe cha kwanza nilikipiga funda moja. Padre akacheka: "Frateri, umekunywa, hujaonja."

Majani yale yale yanarudiwa mara 5 au 6. Kufikia kikombe cha tatu yalikuwa yamefunguka, na mimi nimetulia. Nikasikia harufu ya maua, na baada ya kumeza, utamu ukarudi kooni.

Usiku nilijiuliza: je, anayejiandaa kwa maisha ya sadaka anaruhusiwa kufurahia chai namna hii? Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anahofia kwamba hitaji la mwili linaweza kuwa kisingizio cha anasa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anasema kukataa raha ya chakula bila sababu njema ni kilema, ingawa kufunga kwa sababu njema ni fadhila. Nikalala nikiwa upande wa Tomaso, nimeridhika kabisa.

Asubuhi, bwaloni, nikapewa chai ya kila siku. Nikasema kwa sauti, "Hii nayo ni chai?" Aliyekuwa ananimiminia ni frateri wa zamu, ameamka saa kumi alfajiri kuwasha moto. Hakujibu. Alimimina mpaka kikombe kikajaa, akaenda kwa mwingine.

Kwa kweli niliona aibu. Jana yake niliyapa majani dakika nzima ya utulivu, leo ndugu yangu sikumpa hata sekunde moja. Hapo nikaelewa hofu ya Augustino. Raha yenyewe haikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilitoka kwenye raha ile nikiwa mtu wa kuchagua, badala ya kutoka nikiwa mtu wa kushukuru.

Jioni nilimwomba msamaha, nikaenda na majani machache niliyoachiwa na Padre. Tulikaa jikoni, tukahesabu dakika pamoja. Akaonja, akafikiri, akasema, "Nzuri. Ila sukari iko wapi?" Tulicheka sana.

Tangu siku hiyo, kila ninapofurahia kitu najiuliza: kinanifanya nimwone zaidi aliyenipa, au nimdharau? Wewe je, chai ya leo umepikiwa na nani, na umemwambia nini?

Tafakari njema.