Uhuru wa Kuruka na Haki ya Ugawaji
Sheria ya tabianchi ya Ufaransa ya 2021, iliyotiwa nguvu kwa amri ya serikali mwezi Mei 2023, ilizuia safari za ndege zenye ratiba kati ya Paris-Orly na Bordeaux, Nantes na Lyon, kwa kuwa treni hufika huko kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Hapo huzuka suala la haki ya ugawaji, yaani namna jamii inavyogawana manufaa na mizigo: ikiwa uhuru wa kusafiri hukoma pale unapomdhuru mwingine, kwa nini ndege binafsi, zinazotoa hewa ya ukaa nyingi zaidi kwa kila abiria, zisiguswe? Sera ya kupunguza safari za anga hupata uhalali inapoanza na wachafuzi wakubwa, hata wakiwa wachache.